Lori Linavuta Kushoto

Kwa maelezo ya Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, ambaye habari kwake haijawahi kulala na njaa, Mzee Gia alikuwa ameanza kurukwa na akili mchana kweupe. Alimwona kwa macho yake mwenyewe, si ya kuazima. Mzee alikuwa ameketi ndani ya ile pikapu mbovu nyuma ya gereji, isiyo na injini wala magurudumu, iliyokalishwa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Ameshika usukani. Anabadili gia. Ananguruma kwa mdomo, vuuum, vuuum. Tena, akaapa Mama Redio, alifika mahali akapunguza mwendo, akasimama, akampungia mkono mtu asiyekuwepo ili avuke barabara, ndipo akaondoka.

"Akaondoka vipi na gari halina magurudumu?" binti wa mzee akauliza.

"Ndiyo hapo sasa! Mimi nimeona tu, mwanangu, sikuhukumu mtu. Ila mtazameni baba yenu. Moshi hauji bure."

Binti akamshukuru, akaingia ndani. Mama Redio ukimpa punje atakutolea gunia, mtaa mzima unajua. Lakini hilo la kusimama na kupunga mkono binti aliliamini bila kiapo, maana ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya kila siku kwenye gemu yake ya malori ya kwenye kompyuta, kabla gemu haijafa.

Mzee Gia alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake. Jina alilopewa na wazazi lilikwishabaki kwenye leseni tu. Kisha kiharusi kikamgusa. Hakikumwangusha chali, kilimpitia kama mtu anayepita huku amekupiga kikumbo. Mkono ulilegea, mdomo ukapinda kidogo, halafu taratibu vikarudi. Mwenye lori, tajiri mmoja asiye na maneno mengi, alisema nafasi yake ipo. Daktari akisema anafaa, apande ashike usukani. Asiposema, basi wapeane mikono na kila mtu aende zake. Na siku ya kwenda kwa daktari ilikuwa Jumatano ijayo.

Gemu ililetwa na kaka mkubwa wa binti wakati mkono wa mzee ulipokuwa bado mzito. Ilikuwa diski ya zamani ya kuendesha malori, pamoja na usukani wa plastiki wenye gia, na pedeli zake, vyote vimenunuliwa mtumba. Mzee aliucheka ule usukani mpaka akapaliwa. "Huu ni sahani ya kulia chakula!" Siku iliyofuata hakuuachia. Mkono ukapona, na bado hakuuachia, maana sasa alikuwa anafanya mazoezi ya kurudi kazini.

Binti alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Akirudi jioni, baba humvutia kigoda upande wake wa kushoto. "Kaa, Utingo wangu. Lori halina macho upande ule. Upande ule macho ni ya utingo." Naye hukaa, miguu ikimuuma kwa kusimama kutwa, na kuita kama utingo wa kweli: "Kushoto pikipiki! Kushoto mama na mtoto! Kushoto wazi, twende!" Lori likapita katikati ya miji ya ndani ya kioo bila kumgusa hata kuku. Walicheka sana, wale wawili.

Halafu kaka akaja kusalimia, akaitazama ile kompyuta, akasikitika. "Mfumo wa humu ndani ni wa kale, baba. Virusi vitaitafuna." Akaiwekea mfumo mpya, akaaga akiwa amefurahi. Alipoondoka tu, mzee akagundua kwamba kioo kimekuwa kizuri kama harusi, na gemu haipo.

Mzee akaitia diski. Kidirisha kikafunguka, kikapepesa, kikatoweka. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Kikapepesa, kikatoweka. Hapo akaamua kuitibu kidereva. Aliiwasha kompyuta asubuhi, akaifunika kwa shuka na kuiacha ingurume peke yake mpaka jua lipande, maana injini baridi hailazimishwi. Binti aliporudi kutoka kazini aliikuta inaunguza kama pasi ya mkaa.

"Baba, itaungua!"

"Inapasha. Niache na gari langu."

Haikuwaka. Ndipo mzee akahamia kwenye pikapu ya matofali. Na binti, baada ya kusikia ya Mama Redio, akaomba ruhusa kwa dobi, akatia kompyuta, diski na pedeli kwenye mfuko, akamshika baba mkono. Baba akabeba usukani wake kwapani. Wakaenda kwa Fundi Waya.

Kibanda cha Fundi Waya kilijaa matumbo ya mashine. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye tabia ya kuzibembeleza kompyuta kama mtu anayemkamua mbuzi mkorofi. Akaitia diski, akatazama kidirisha kinavyopepesa, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, gemu hii ni ya enzi gani?"

"Ya enzi vitu vilipokuwa vinatengenezwa vidumu."

"Ndiyo shida yenyewe. Anabisha hodi kwa lugha ya babu zake, na huyu mwenye nyumba mpya haijui. Tutamwambia mwenye nyumba ajifanye mzee kidogo."

Akabonyeza, akachagua, akaiamuru kompyuta iichukulie ile programu kana kwamba bado iko kwenye mfumo wa zamani. Safari hii kidirisha hakikukimbia. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukafika nusu, ukagoma. Fundi akachimba, akacheka. Programu ya kinga ya virusi ilikuwa imekamata faili moja la gemu na kulifungia ndani kama mwizi wa kuku.

"Hana kosa huyu, mwachie," fundi akaiambia kompyuta, akalitoa kifungoni. Akaanza upya, mara hii akiiweka gemu kwenye folda ya pembeni, mbali na ile ambayo mfumo mpya huilinda kwa wivu. Mstari ukafika mwisho. Gemu ikafunguka, kioo kikawa cheusi tii. Kumbe kulikuwa na kipande kinachokosekana, cha kuchora picha. Fundi akakitafuta kwenye mtandao, akakishusha, akakipachika. Barabara ikatokea. Mzee akapiga paja lake.

"Hiyo hapo! Hiyo hapo njia yangu!"

"Tulia mzee, usukani haujakubali. Hapa hamna draiva."

"Hamna dereva? Na mimi hapa niliyekaa ni nani, mbeba mizigo?"

Wakacheka wote, hata mteja aliyekuwa mlangoni akisubiri simu yake. Fundi akaitafuta hiyo draiva, ambayo ni programu ya kuufundisha mfumo mpya kuzungumza na usukani, akaiweka. Akamvika mzee vipokea sauti masikioni ili wasiwakere majirani, akamwambia binti asimame nyuma. "Mwache asikilize vizuri kama sauti inakatika."

Mzee akaondoka. Aliingia barabarani kwa ule ustadi wake wa kupapasa gia kama mtu anayemchana mtoto nywele. Njia ikafika mjini. Upande wa kushoto akatokea mwendesha baiskeli, na lori likampitia. Kioo kikawa chekundu.

"Linavuta kushoto," mzee akasema.

"Huo ni usukani, bado haujapimwa," fundi akasema. Akampa maelekezo: zungusha mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto, acha katikati. Mzee akafanya. Akaondoka tena. Mama aliyebeba kikapu, upande wa kushoto. Nyekundu.

"Nimekwambia linavuta."

Fundi akapima tena. Akapunguza ukali wa usukani. Akarudi kwenye mipangilio, akaiambia gemu ijifanye ya zamani zaidi. Kila mara lori lilikwenda vizuri, likapinda vizuri, likasimama vizuri kwenye taa, na kila kilichotokea kushoto likakipanda kana kwamba hakipo. Kijasho kikaanza kumtoka fundi. "Hii mifumo mipya ina mambo! Dada, hebu kaa wewe, nitazame kwa nyuma."

Binti hakuwa ameushika ule usukani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuita. Akakaa. Akaenda mwendo wa kinyonga. Lori lilinyooka kama uzi. Baiskeli ikatokea kushoto, akaiona toka mbali, akaipisha. Mama wa kikapu akatokea, akampisha pia. Akavuta pumzi, akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Basi usukani ni mzima," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao.

Binti alibaki ameushika usukani. Alikuwa anafikiria sahani. Tangu baba apone, kila siku hubakiza chakula cha upande wa kushoto wa sahani, na yeye akidhani ni hamu tu haijarudi. Alikuwa anafikiria bega la shati la baba, lile la kushoto, ambalo hulipiga pasi kila wiki na kila wiki lina alama ya chokaa ya fremu ya mlango. Amelipiga pasi mara ngapi, yeye ambaye doa dogo kwenye shati la mtu baki halimpiti?

"Limetulia?" baba akauliza.

"Limetulia, baba."

"Nipishe basi. Na wewe njoo hapa pako. Mimi na haya madude ya masikioni wapi na wapi." Akayavua, fundi akafungulia spika. Baba akauvuta mkono wa binti mpaka akasimama kushoto kwake. "Haya. Sema."

Akaondoka. Binti akaita, kwanza kwa sauti ndogo, kisha ile ya siku zote. "Kushoto baiskeli." Lori likaipisha. "Kushoto mama na kikapu." Likampisha. "Kushoto wazi." Likapita mtaa mzima kama maji kwenye bomba, na mteja wa mlangoni akapiga mluzi.

"Imeshika!" Fundi Waya akapiga makofi. "Mnaona? Mipangilio huchukua muda kuingia. Sasa hapo mzee unaweza kurudi kazini kesho!"

"Jumatano," mzee akasema, macho kwenye kioo, uso umemng'aa. "Daktari Jumatano, na Alhamisi nipo barabarani."

Mbele kulikuwa na kivuko. Kushoto, kando ya barabara ile ya kuchorwa, mtoto mwenye mkoba alikuwa anaanza kuvuka. Binti alimwona. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

Lori halikupunguza mwendo. Kioo kikawa chekundu.

Fundi akaguna, akainama kwenye waya zake. Mzee Gia hakuutazama usukani, wala hakusema kwamba linavuta. Aliendelea kutazama mbele.

"Mbona umenyamaza?" akauliza, taratibu, bila hasira.

Ndipo binti alipojua kwamba baba yake anajua kuwa kushoto haoni. Labda si tangu mwanzo, labda ni kitu ambacho mtu huificha nafsi yake kama anavyomficha mwingine, lakini anajua. Na kigoda kile cha jioni, ambacho yeye alikiona ni cha mapenzi tu, kilikuwa cha mapenzi na kilikuwa jicho.

Fundi akasema ataisoma zaidi, warudi siku nyingine, lazima kuna kitu anakikosea. Binti akamwambia hakuna alichokosea, gemu imekaa sawa, ahsante sana. Fundi akamtazama, akamtazama mzee, akageuka kumhudumia yule wa simu.

Wakatoka. Jua lilikuwa bado kali. Binti alibeba mfuko wa kompyuta, baba akabeba usukani kwapani, waya wake ukiburuta mpaka binti akaukunja na kumpa. Wakashika njia ya nyumbani. Binti alijikuta upande wa kushoto bila kupanga. Pengine ni miezi sasa amekuwa akitembea upande huo. Akawaza Jumatano. Akawaza pia lori lenyewe, lile la chuma, lenye tani zake, na njia za kweli ambazo watu wake hawagongwi kisha wakainuka tena. Na akamwaza baba bila lori, kutwa nyumbani akimsikiliza Mama Redio ng'ambo ya ukuta.

"Dobi wako mkali sana?" baba akauliza.

"Si mkali. Kwa nini?"

"Angekupa ruhusa tena, Jumatano."

"Ya nini, baba?"

Mzee akausogeza usukani kwapani. "Uingie na mimi mle kwa daktari. Wanakuonyesha vitu, wanakuuliza hiki kiko wapi, kile kiko wapi. Ukae tu hapa ulipo." Akakohoa. "Si lazima useme kwa sauti. Hata ukinigusa tu, mimi nitaelewa. Mimi na wewe tunaelewana."

Walikuwa wamefika kwenye lango la shule. Kengele ilikuwa imelia na watoto walimwagika kutoka kushoto, wanasukumana, mmoja kiatu mkononi, wakakata mbele yao kuelekea ng'ambo. Mzee akainua mguu aendelee. Binti akamshika mkono, akamzuia.

"Nini?" baba akasema.

Watoto wakapita, kelele zao zikapita nao. Mzee Gia akageuza kichwa chote, akageuza na kifua, mpaka akauona uso wa bintiye.

"Eti, Utingo wangu? Utaingia na mimi?"