Breki za Baba Inhua

Gurudumu la nyuma lilisimama tena pale pale, valvu ikiwa juu. Baiskeli ilikuwa imeinuliwa kwenye stendi, hakuna kilichogusa diski mpya. Fundi Binghok akalizungusha mara ya nne. Likaenda, likapunguza mwendo, kisha likashikwa. Halikuishiwa nguvu, lilishikwa.

Akafuta mikono, akamtazama Siukhim, mjane wa rafiki yake, aliyekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Fremu ilikuwa ya zamani, ya enzi za viatu vya mpira vinavyobana rimu, haikuwa na mahali pa kufungia breki za diski. Siku mbili Binghok alichomelea kipande cha chuma nyuma, akabadilisha foku ya mbele, akapanga spoku upya kwenye habu mpya, ile ya katikati ya gurudumu. Hakutaka kusaidiwa. Mwaka juzi rafiki yake huyo, mwenye baiskeli, alimwonyesha viatu vile vilivyolika, naye akamjibu, "Bado vinafaa." Jioni ile mvua ikanyesha, na kwenye kona ya mianzi, njia ya kushukia mji wa Puli, havikufaa.

Leo Inhua, mtoto wa pekee wa marehemu, alikuwa anaanza kazi kiwanda cha karatasi huko chini, na njia ni hiyo moja. Tena ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, wafu wamefunguliwa mlango, watu hawaoi wala hawahami nyumba. Kiwanda hakikuuliza kalenda.

"Kaka," Siukhim akasema, "ile mara ya tatu uliiona?"

Kabla ya kulegeza nati ya kwanza walikuwa wamechoma ubani, wakamwomba marehemu ruhusa kwa kurusha vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, amekubali. Na lazima akubali mara tatu. Mara mbili alikubali. Ya tatu, kipande kimoja kililala mgongo juu, kingine kikabiringika chini ya kabati la vyuma. Binghok akasema yatosha. Moyo wake ulikuwa na haraka kuliko mikono.

"Niliona kimoja, shemeji."

"Hiyo ni nusu ya neno. Nusu ya neno hata mlevi anaisema."

Inhua akaingia, koti la mvua begani. "Baba mdogo, mnaitengeneza au mnaikeshea matanga?"

Akaishusha baiskeli, akaisukuma. Magurudumu yalizunguka bila kushikwa na kitu. Akabana breki, ikasimama kama mbuzi aliyegoma. Akacheka.

Mama yake alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. "Njiani ukisikia unaitwa jina, usigeuke."

"Hata ukiniita wewe?"

"Mimi sitakuita."

Inhua alipokwisha kuondoka, Binghok alichukua mtaimbo, akalisogeza kabati. Akainama, akachungulia.

"Kimelalaje?" Siukhim akauliza.

"Hakikulala. Kimesimama."

Kilikuwa kimesimama kwa ncha yake kwenye vumbi, hakikuegemea kitu. Wazee wa pale husema kipande kikisimama, aliyeulizwa amekuja kujibu mwenyewe.

Hapo ndipo waliposikia chuma kikilia. Ukutani, kwenye msumari, Binghok alikuwa ametundika breki za zamani: kishikio, kipande cha waya uliokatwa usiofika popote, na vile viatu viwili vya mpira. Kishikio kilikuwa kinajibana polepole, kama kinashikwa na mkono usio na haraka. Kikaachia.

"Kona ya kwanza," Siukhim akasema.

Kikabana tena. Ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyesogea. Mpaka kwenye mianzi kona ni tano, na wote wawili walijua. Ya nne ilikuwa fupi. Ya tano, kishikio kiliingia ndani hadi mwisho, kikabaki hapo, kikitetemeka mpaka msumari ukaanza kudondosha chokaa.

Siukhim alifumba macho, midomo ikisali bila sauti.

Kisha kikaachia, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nje jua lilikuwa kali, barabara nyeupe kwa vumbi. Viatu vya mpira vilianza kudondosha maji, kana kwamba mvua ya jioni ile bado inavinyeshea. Siukhim akainuka, akafunua ile ndoo aliyokuwa ameikalia, akaisogeza chini ya matone.