Maski Haishiki Penye Ndevu

...inapita, naisikia inapita, ubaridi mwembamba huku na huku mashavuni, na viganja vyangu vimeziba vichujio vyote viwili barabara kama mama Micheline alivyonionyesha, nikivuta pumzi mpira ulipaswa kuninyonya uso hadi nikose hewa kabisa, lakini wapi, navuta na hewa inakuja tele, inajipenyeza ndevuni bila hodi, haya vuta tena, Ezéchiel, vuta kwa nguvu, labda hukukaza mikanda, nimekaza hadi masikio yanauma, navuta, inapita, na kikohozi nacho kinataka kutokea humuhumu ndani ya mpira, kimeze, usikohoe mbele za watu, hapa soko la Manika nusu ya watu wananijua... "Iko napita, tata?" anauliza mama Micheline, ameketi juu ya ndoo yake nyuma ya turubai lililojaa helmeti na buti na glavu za mgodini, vitu vilivyokwisha kuvaliwa na wengine, na mimi natikisa kichwa kwamba hapana, haipiti, sijui kwa nini nadanganya, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu nadanganya juu ya hewa, naye ananitazama tu, mumewe alifanya kazi mgodini miaka kumi na minane, haya anayajua. "Iko napita. Njo ndefu, tata. Ku mine bwana yangu alikuwa ananyoa kila asubui, bila vile habamuachake aingie. Mupira inatafuta ngozi, haikamatake mu manyoya." Manyoya! Anaziita manyoya, ndevu zangu hizi zinazofika kifuani, kanisani kwetu mwanaume aliyebatizwa ananyoa kichwa, anavaa kanzu nyeupe, kidevu hakigusi hadi kaburini, na akionekana siku moja na kidevu kitupu, Jumamosi inayofuata anasimamishwa katikati, wanaume huku, wanawake kule, anaulizwa sababu, na anatakiwa aitoe yote, bila kubakiza... na sababu yangu ndiyo hiyo siitaki kinywani, maana nikisema nimenyoa ili maski ishike, watauliza maski ya nini, nikisema ya vumbi la mti la karakanani, watauliza vumbi lina nini, si wewe uliyesema halina kitu, si wewe uliyesema mbele ya ndugu zake tata Mukalay, aliyekufundisha kazi, na kwa neno lako mkewe, mama Florentine, akafukuzwa nyumbani... nimechoka, Mungu wangu, nimechoka, nilikuja kutafuta kitu cha kuweka puani tu.

Wachimbaji wawili wamefika, vijana, magoti yao yana udongo mweupe, wanataka buti, mama Micheline anawageukia na mimi napata nafuu, nabaki na maski usoni kana kwamba bado naipima, basi pima, Ezéchiel, chagua, kuna ya karatasi pale kwenye boksi, nyepesi, inakaa juu ya ndevu kama kofia juu ya kichaka, nikiivaa hiyo hakuna atakayeuliza lolote kwa sababu hata mimi nitajua haina maana, kuna kioo cha uso, hicho hakina mjadala nakibeba, mwaka jana kipande cha mti wa mulombwa kiliruka kutoka kwenye mashine kikanichana chini ya jicho, ilibaki kidogo tu niwe mwenye jicho moja, lakini kioo kinazuia vipande, hakizuii vumbi, vumbi linazunguka chini ya kidevu linapanda, na vumbi lenyewe la mulombwa, jamani, ule wekundu, mti ukizunguka kwenye mashine na patasi ikiushika vizuri unatoa nyuzi ndefu, nyuzi hazina neno, unazifagia, shida ni msasa, shida ni meuleuse, ile mashine ya mkono yenye diski ninayochongea migongo ya viti, hiyo haitoi nyuzi, inatoa moshi, moshi mwekundu, na ukizima mashine moshi unabaki, mwanga ukiingia kwenye tundu la bati unauona umesimama hewani saa nzima, hautui, na sisi tunakula ugali wetu humohumo. Tata Mukalay ndiye aliyenifundisha mashine ile, kule Dilala, nyuma ya nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, nilikuwa sijaoa, nikamuuliza siku ya kwanza kabisa, tata, tusifunge hata kitambaa? Akacheka, alikuwa na kicheko kikubwa wakati ule, akashika ndevu zake akazikung'uta, likaanguka vumbi jekundu juu ya kanzu ya kazi, "Angalia, yote ilibakia hapa. Bengine bananunua chujio, shiye Mungu alitupatia ya bure," na mimi niliona kwa macho yangu, vumbi lipo ndevuni, kwa hiyo halikuingia ndani, hesabu rahisi, na miaka kumi na tisa kila jioni nimekung'uta ndevu zangu mlangoni, nimeona wekundu ukianguka, nikashukuru, kumbe nilikuwa naangalia lile lililobaki nje na lile lililoingia sikuliona, nani analiona...

"Tata, iyo kioo utabeba?" ni mama Micheline, buti moja mkononi, namwitikia kwa kidole, ndiyo, kioo nabeba, anarudi kwa wachimbaji, mmoja anasema buti inambana, yeye anamwambia atembee siku tatu itafunguka... na tata Mukalay alianza na kikohozi kidogo kama hiki changu, kavu, cha asubuhi, tukasema baridi ya mwezi wa sita, kisha akawa anasimama katikati ya wimbo anashika nguzo, kisha akaacha mashine, kisha kiti, sasa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, kiti nilichomchongea mimi, na birika la chai hawezi kulitoa jikoni hadi pale alipo, hatua sita, na ana miaka hamsini na saba tu. Na ndugu zake wakaitisha kikao. Sisi hatuendi hospitali, tunaomba, tuliomba sana, na maombi yakikawia watu wanaanza kutazamana, nani amemfunga kifua, nani anampikia, nani analala naye, na kila jibu lilikuwa mama Florentine, hakumzalia ila binti mmoja, ni wa kule Dilolo, ndugu zake wanavuka mpaka wa Angola kila wiki, nani anajua wanaleta nini, maneno ya hovyo kabisa, na kaka mkubwa wa tata, mzee Kabemba, bado alikuwa na shaka, lazima niseme ukweli, yule mzee alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, akanigeukia mimi, "Ezéchiel, we njo unatumikaka naye. Ile muti haina na kitu? Ile poussière, ile vumbi yake?" Aliniuliza. Aliuliza swali lenyewe kabisa. Na mimi nilikuwa nimemeza kikohozi dakika ile ile, nakumbuka, nilikimeza nikanywa maji, nikasema, "Muti haina kitu, tata. Mi na ye tunavutaka vumbi moya, na mi niko muzima." Basi. Kikao kikaisha. Sikusema ni yeye, wala jina lake sikulitaja, hilo nimejiambia miezi minane, sikumtaja, lakini nilifunga mlango mwingine wote ukabaki yeye peke yake ndani... na mama Florentine hakulia, alikunja vitenge vyake vinne, akafunga mzigo, akasimama mlangoni akauliza, "Nani atamukamatia birika?" na sisi wanaume wazima wenye ndevu tukatazama chini, saruji ina ufa pale, naujua ule ufa vizuri.

"Tata Ezéchiel," anaita mama Micheline, wachimbaji wameondoka au mmoja bado yupo anafunga kamba, sioni vizuri, kioo cha maski kimepata ukungu, hapana, maski hii haina kioo, ni macho yangu, "tata, sikia, kama ndefu haina ya kutoka, beba ile ya feni," na anainyanyua kutoka nyuma ya ndoo, sikuwa nimeiona, helmeti ya kijivu yenye kioo mbele na kitambaa kinachofungwa shingoni, na bomba linaloshuka hadi kwenye mkanda, na kwenye mkanda boksi, anabonyeza, inanguruma taratibu, "Inavuta hewa kwa nyuma, inachuja, inakupepea ku uso. Haiombake ngozi. Ndefu inaingia yote mule. Bateri iko nguvu, tulicharger jana," anaweka mkono wangu pale hewa inapotokea, safi, baridi, ee Mungu, na kuhusu bei tutaelewana, anasema, anataka vinu viwili na kiti cha baba mkwe, ni kazi ya wiki moja kwangu, si kitu. Si kitu kabisa. Ndevu zinabaki. Kanzu inabaki. Jumamosi naimba, na kifua kikipoa naimba wimbo mzima, na watu wakiniona karakanani na helmeti ile watasema Ezéchiel ameendelea, Ezéchiel ana mashine kama za mgodini, watacheka, watoto watakuja kuangalia, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza sababu, hakuna Jumamosi ya kusimama katikati, hakuna mzee Kabemba kunitazama... nimeipata, basi, nimeipata, si nilikuwa nikiomba, huenda hili ndilo jibu, sema ndiyo uende nyumbani, Mwadi amepika, mke wangu atafurahi, ndiye anayenipiga mgongoni asubuhi nikikohoa, sema ndiyo, mbona husemi... kwa sababu jana nilipita kwa tata Mukalay, ndiyo sababu, nilimsogezea birika, nikammiminia chai, na kikohozi kikanitoka, sikuweza kukizuia, kilinikunja hadi nikashika mgongo wa kiti chake, na kilipoisha alikuwa ananitazama, akakusanya pumzi, anazikusanya siku hizi kabla ya kila neno, akasema, "Na weye?" nikasema, "Ni baridi, tata," na yeye akasema, "Baridi," polepole, akafumba macho, na machozi yakashuka yakapotelea ndevuni. Alijua. Nimekaa na jambo hili tangu jana na sikutaka kulitazama, lakini alijua, amejua kitambo, pengine tangu siku ile ya kikao alijua, ila hana pumzi ya kuitisha kikao kingine, sentensi moja tu inammaliza, alikuwa anangoja mwenye pumzi aseme, nami nikamwambia baridi.

Na ukiivaa ile ya feni, Ezéchiel, utapona, sikatai, utavuta hewa yako safi ndani ya kioo na diski itanguruma na vumbi jekundu litasimama kote karakanani lisikuguse, na tata Mukalay atakufa kwa uchawi wa mke wake, itaandikwa hivyo katika vichwa vya watu, na mama Florentine kule Dilolo nyumbani kwa kaka yake atakuwa yule mwanamke ambaye watoto wanakatazwa kupokea chakula mkononi mwake, hadi azeeke, na wewe utakuwa mzima, ushahidi wako utakuwa kweli milele, mi niko muzima, utatembea mjini ukiwa ushahidi dhidi yake kwa kifua chako chenyewe... hapana. Hapana, nimechoka, lakini si uchovu wa kifua huu, kifua nimekizoea, ni uchovu wa kumeza, miezi minane nameza kikohozi kila mtu akiingia, na ndevu zenyewe, nikisema ukweli, tangu siku ile ya kikao sijaweza kuzikung'uta mlangoni nikashukuru, Mungu hakuniomba ndevu hizi niseme nazo uongo. "Tata, iyi ya feni?" Naona aibu, naogopa, wataniweka nje ya safu, pengine mwaka, pengine zaidi, Mwadi atakaa upande wa wanawake wakimtazama, na ndugu zake tata Mukalay watanichukia kuliko walivyomchukia mama Florentine kwa sababu nitakuwa nimewaonyesha walichofanya, basi wanichukie, iwe ya mpira, hii hii niliyovaa, ninyoe ishike, na niende kwa mzee Kabemba kwanza, leo hii, kisha Dilolo, siku mbili za lori kama njia iko wazi. "Unabeba gani?" anauliza mama Micheline, feni bado inanguruma mkononi mwake, na mimi bado nimesimama na viganja juu ya vichujio, hewa bado inapita mashavuni, nafikiria tu ua la yule kaka yake kule Dilolo, nitasimama pale na kidevu kitupu kama cha mvulana na mama Florentine atanitazama asinitambue, mara ya kwanza tangu nimjue hatanitambua, atauliza, "Weye ni nani?" na itabidi nimwambie.