Jani la Kutazama Tu

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu na mwingi wake siujutii. Miaka ishirini na miwili niliendesha basi dogo la hoteli kutoka uwanja wa ndege wa Dulles, huku ughaibuni, na msafiri aliyechoka ni kama mtoto mchanga, ukimpa hadithi ananyamaza. Niliwahi kuwaambia Wajerumani wanne kwamba wakati wa kiangazi Kilimanjaro huwa tunaufunika turubai usiyeyuke, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mshika kamba wa upande wa Rombo. Mmoja akauliza turubai lina ukubwa gani. Nikampa na vipimo. Uongo wa namna hiyo haumchubui mtu.

Lakini huu wa Jumamosi ile ya Mei, nikiukumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni, najiziba uso kwa kiganja kana kwamba kuna mtu ananitazama.

Benadetha ni binti wa mdogo wangu Gregori. Anaishi Lanham, na kwa miaka mitano amekuwa akiwalea wazee wa watu, anawageuza kitandani, anawaogesha, mpaka mgongo wake umezeeka kabla yake. Kwao Moshi alikuwa mpishi wa hoteli, tena mpishi hasa. Basi akatafuta jiko, akalipata hapa Wheaton, ghorofani juu ya fundi viatu, kwa mama mmoja wa Meksiko aitwaye Graciela. Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kukata vitunguu, akapanda tena hadi kukanda unga.

Kazi ya Graciela ni kufundisha wasafiri. Watu wanakuja kutazama mji mkuu, na wakishachoka na majengo meupe wanapanda kwake kufundishwa kupika taco, na nawaomba wanaocheka jina hilo wacheke sasa wamalize. Wanakanda unga wa mahindi, wanaubana kwa kibanio cha chuma uwe chapati nyembamba, wanaichoma, wanaijaza nyama. Mwishoni wanaonja tekila, pombe kali ya kwao Graciela, aina nne kwa vikombe vidogo kama vya dawa ya kikohozi.

Sasa magoti ya Graciela yameanza kumgomea, akataka mtu wa kumwachia darasa la Jumamosi na Jumapili moja kwa moja. Akampa Benadetha siku moja ya majaribio. Angefundisha peke yake, Graciela akae karibu na mlango na karatasi yake. Akifaulu, anaaga vitanda vya Lanham. Binti yule hakuwa akiomba kitu kingine chochote duniani.

Asubuhi ya siku hiyo mgeni mmoja akaghairi. Pale wanafanya kazi wawili wawili, kiti kitupu kinamwacha mtu bila mwenzake. Benadetha akanipigia simu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo ule, uonje, upige makofi. Hadithi zako ziache mlangoni pamoja na koti."

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Mama yangu ana miaka tisini na mmoja na bado anapalilia migomba, lakini niliapa kwa moyo wote.

Nikapangwa na Curtis, zimamoto mstaafu wa Nebraska, mtu mkubwa mwenye mikono kama mito ya kulalia. Alikuja na mkewe Marlene. Walikuwa wametembea siku tatu kati ya makumbusho, na Curtis akaniambia kuwa hapo ndipo kwa mara ya kwanza ameruhusiwa kugusa kitu. Nilimpenda papo hapo.

Na Benadetha alifundisha. Sijui niseme vipi bila kuongeza chumvi, maana hapa haihitajiki. Aliwaonyesha kuviringa donge na kulibonyeza kwa kidole gumba, kingo zikipasuka unaongeza maji, zisipopasuka unaacha. Aliwaambia kwao unga wa mahindi husongwa kwa nguvu, ila huu ukiusonga hivyo umeuua. Watu wakacheka, wakashika adabu ya unga. Chapati yangu ya kwanza ilitoka kama sikio la tembo. Akapita, akainyoosha bila kunitazama, nikaona anatabasamu. Graciela kule mlangoni alikuwa ameacha kuandika, anakula.

Ikaja zamu ya tekila. Benadetha akaweka mezani sahani mbili. Moja ilikuwa na vipande vya jani bichi la mmea unaotengenezewa tekila, nene, la kijani, linalotoa maji. Ya pili ilikuwa na vipande vya kitovu cha mmea huo kilichookwa, rangi ya kahawia, vitamu kama sukari guru. Kwa kuwa kile kitovu kikishaivishwa bado hubaki na nyuzi, vipande vya sahani zile mbili vikiwa mkononi mwa mtu havikuwa mbali kufanana. Akaeleza taratibu kwamba ni moto unaoleta utamu, na kwamba jani likiwa bichi maji yake huwasha vibaya sana.

"Hili ni la kutazama tu," akasema. "Lile jingine mle."

Kila mtu alimsikia. Mimi pia.

Nilikuwa nimeonja vikombe viwili. Curtis akaniuliza kama mmea huo nauona kwetu. Nao ni ndugu wa mkonge wetu, kwa hiyo jibu la kweli lilikuwepo na lilikuwa fupi: mkonge nimeuona kupitia dirisha la basi nikienda Tanga kumsalimia shemeji. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema nilikuwa msimamizi wa shamba la mkonge miaka kumi na mmoja, chini yangu wakataji mia nne, na kwamba sisi wasimamizi tulikuwa na siri yetu. Kabla ya kunywa unatafuna kwanza jani bichi, pombe haikupandi kichwani hata unywe debe.

Meza nzima ikageuka. Hapo ndipo ninapopotea mimi, watu wakishasogeza viti.

Curtis akasema kwa heshima kwamba mwalimu amekataza. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyowaambia wageni. Nikapitisha mkono juu ya sahani zote mbili, nikachukua kipande kilichookwa, nikaificha rangi yake kati ya vidole, nikakitia mdomoni na kutafuna huku nimefumba macho kama padri.

Nilipofumbua, Benadetha alikuwa mbele yangu, upande wa pili wa meza, chupa ya tatu mkononi. Alikuwa amesikia na alikuwa ameona. Akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

Kwetu mtoto hamkatizi baba yake mkubwa mbele za watu. Hata nikisema jua huchomoza magharibi na kuzama mashariki, atasubiri tufike nyumbani, na huko nyumbani atatuma mtu mzima mwenzangu aniambie. Sikulisahau jambo hilo. Nililiegemea, kama mtu anavyoegemea ukuta anaojua hautaanguka.

Curtis akachukua jani bichi akauma.

Hakupiga kelele. Wazimamoto nadhani wamefundishwa. Alisimama tu, machozi yakaanza kumtoka, na midomo ikavimba mbele ya macho yetu kama andazi kwenye mafuta. Marlene akapiga kelele kwa niaba yake. Benadetha alikuwa amefika kabla kiti hakijaanguka. Alimtemesha, akamwagiza asukutue, akamletea maziwa baridi, akamkalisha karibu na dirisha, sauti yake haikupanda hata mara moja. Baada ya robo saa uvimbe ulianza kupungua, na daktari wa zahanati ya jirani alimpa kidonge akamruhusu. Lakini mimi bado niko kwenye ile robo saa.

Maana Graciela aliinuka kwa magoti yake mabaya, akaja mpaka mezani, akauliza ni nani aliyemwambia mgeni kwamba jani lile linaliwa.

Curtis alikuwa na maziwa mdomoni. Marlene alikuwa akimpepea mumewe. Wengine walinitazama, kisha wakamtazama mwalimu, wakisubiri mwenye jambo aseme. Nami nikaangalia bakuli la ndimu. Zilikuwa tisa.

"Ni mimi," Benadetha akasema. "Sikueleza vizuri."

Palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusema neno moja. Neno lenyewe lina herufi nne. Nilikuwa nalo.

Kisha yule Curtis, kwa midomo ile, akanigeukia akauliza kama na mimi niko salama, kwani si nilitafuna pia. Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Nami, Mungu anisamehe, nikashika shavu. Nikakunja uso. Benadetha akanimiminia glasi ya maziwa, akaniwekea mbele kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kwa mkubwa, na nikayanywa yote.

Siku nne sikupokea simu ya mtu. Siku ya tano nikapanda ngazi za Graciela. Alikuwa anamenya pilipili zilizochomwa. Nikavua kofia, nikamwambia kila kitu, na kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu.

Hakushangaa. Aliniambia kwamba aliuza sokoni miaka kumi na mikono ya watu anaijua, na wangu aliuona ukiruka kutoka sahani hadi sahani. Mgeni kuungua, akasema, ni ajali ya jikoni. Kilichomsumbua ni kwamba mwalimu wake aliona, akanyamaza, kisha akajaza karatasi ya ajali kwa uongo. Je, kesho akija mzee mwingine mwenye mvi akasema anaweza kumaliza chupa nzima na kushika kisu, atanyamaziwa pia? Alikuwa amemrudishia Benadetha karatasi tupu Jumamosi ileile: aandike ukweli na jina la mtu, na darasa ni lake. Benadetha alikataa. Jumamosi ya pili angetafutwa mtu mwingine.

Nikamwomba kalamu niandike mimi. Graciela akatikisa kichwa. Mwandiko wangu, akasema, haumsaidii Benadetha chochote; akanipa karatasi tupu nyingine nimpelekee aandike mwenyewe.

Basi nikaenda Lanham, treni mbili na basi moja, karatasi tupu ya Graciela ndani ya koti. Benadetha alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare, ananyoosha mgongo kwenye fremu ya mlango. Akaniamkia. Akabandika chai. Nikaweka karatasi mezani nikamwambia aandike.

"Siwezi, baba mkubwa. Nikuandike kwenye karatasi ya makosa? Baba akisikia?"

"Baba yako ananijua mimi kuliko wewe. Andika."

"Watu watasema nimekuanika kwa ajili ya kazi."

"Nani atasema? Karatasi inakaa kwenye droo ya Mmeksiko."

Alikoroga chai mpaka ikachemka. Kisha akavuta kiti, akashika kalamu, akasema basi nimtajie mimi, yeye ataandika maneno yangu tu. Nikaona hilo ni jepesi. Nikakohoa, nikaanza. Mimi Clement Tarimo, mwongo mashuhuri, nikiwa nimepania kumwangamiza shujaa wa zimamoto, nilimshika kidevu nikamlisha kwa mkono wangu jani la sumu, na watu wakalia...

Kalamu ilikuwa imesimama.

"Hukumlisha," akasema.

"Unasemaje?"

"Hukumlisha, baba mkubwa. Alichukua mwenyewe. Wewe ulidanganya tu."

Sijui kama mnalisikia hilo *tu* linavyoanguka. Nikasema sawa, andika kwamba nilikuwa nimelewa, nimeshakunywa vikombe sita, sijitambui.

"Viwili. Mimi ndiye niliyekuwa namimina."

Baada ya hapo hakunisubiri. Aliinama akaandika kwa Kiingereza, mwandiko wa shule ya masista, bila kufuta kitu. Mimi nilishika kikombe. Alipomaliza akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, kama alivyowaeleza wageni habari ya unga.

Mgeni Clement Tarimo ni baba yangu mkubwa. Alikula kipande kilichookwa, akamwambia mgeni Curtis kuwa ni kibichi. Hajawahi kufanya kazi katika shamba la mkonge. Niliona kabla Curtis hajauma, na sikumzuia baba yangu mkubwa kwa sababu nilimwonea haya. Nilipoulizwa nilisema ni mimi, na si kweli. Yeye alikuwepo, akanyamaza.

Basi. Mimi ningeisimulia saa nzima, na pangekuwa na mahali pa kucheka. Kwenye karatasi haikufika hata nusu ya ukurasa.

Akauliza kama kuna kosa. Nikaomba niishike. Nikaitazama muda mrefu, nikitafuta tarehe, jina, chochote cha kusahihisha. Kisha nikamuuliza, kwa sauti niliyoitumia utotoni nikimwomba mama asiniseme kwa baba, kama ile sentensi ya mwisho ni ya lazima. Mengine yote yanatosha, nikasema. Graciela hataigundua.

Benadetha aliichukua karatasi mkononi mwangu. Akanitazama machoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimpokee uwanja wa ndege.

"Hapana, baba mkubwa," akasema. "Hiyo inabaki."

Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake wa kazi, akafunga zipu. Kisha akaniuliza kama nitaongeza sukari.