Mafuta Yaliyoonjwa

Mzee Nkwabi, mwenye mashine ya kukamua mafuta ya pamba pale Somanda, hakumuuzia mtu kabla ya kujimiminia kiganjani na kuyalamba mbele yake, kama mwenyeji anavyoonja pombe kabla ya mgeni. Kisha kampuni moja ikaleta chupa za mafuta ya bei chee, zinang'aa kama sikukuu, mzee akakosa wateja, akafunga mashine.

Leo, dukani mbele ya chupa hizo, Kornelia, mteja wake wa zamani, alizikumbuka ndevu za mzee zilivyomeremeta mafuta, machozi yakamlengalenga.

“Chukua, mama, bei imeshuka,” wakala wa kampuni akamhimiza.

Kornelia akafungua chupa, akamsogezea. “Onja kwanza.”

Wakala akacheka. Chupa haikuondoka puani pake. Kicheko kikakatika.

“Mama, mimi kwangu tunapikia mengine.”