Vichwa Viwili na Mikono ya Blauzi

Katika nyumba ile waliishi mafundi wawili, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ni msaidizi wake.

Mume alikuwa fundi mitambo ya simu aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita Subiri Kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemletea kitu kilichoharibika. Mke alikuwa fundi cherehani. Yeye hakuwa na jina la utani, nani angethubutu? Chumba cha mbele waligawana nusu kwa nusu. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani, meza ya kukatia na mashine ya kutarizi. Upande wa mlango palikuwa na benchi la mume, na juu ya benchi kompyuta kubwa ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa imekuwa manjano kama meno ya mvuta sigara.

Kompyuta hiyo iliitwa Vichwa Viwili. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kama Subiri Kidogo alivyomweleza kila mgeni kabla mgeni hajapata pa kukaa, na kompyuta ile ilikuwa nazo mbili. "Wenzake wote walikuwa na kichwa kimoja," alisema, "yeye alikuwa na viwili, na hakuna kilichojiona kuliko mwenzake." Kazi yake ilikuwa kugeuza mchoro kuwa mishono, kisha kuituma mishono hiyo kwenye mashine ya kutarizi kwa waya mnene ambao kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kuupokea. Ndiyo kusema, mmoja akifa, wa pili naye anazikwa.

Shida ilianza na wauguzi. Chuo chao kiliagiza nembo sitini za sare: taa inayowaka, mikono miwili imeikinga, na majani kuizunguka, kila jani likianza na kijani kibichi na kuishia kwenye kijani cha giza. Nembo zilitakiwa Jumamosi jioni. Alhamisi asubuhi Vichwa Viwili akaanza kupiga hesabu ya mishono. Saa sita alikuwa bado kwenye taa. Saa nane alifika jani la kwanza. Saa tisa akaganda, na skrini ikatulia kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Mkwe wao, mume wa binti yao, alikuwepo. Alikuwa kijana wa ofisini, mwenye adabu nyingi na viatu visivyojua vumbi.

"Baba," alisema kwa upole, "wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Zizi likiwa kubwa wanakaa," alijibu Subiri Kidogo. "Muulize mama mkwe wako."

Mkwe alicheka, lakini hakuliachia neno lake. Ofisini kwao, alisema, kulikuwa na kompyuta mpya na mashine mpya ya kutarizi ambazo hazina mtu. Angezileta Jumamosi saa nne asubuhi kwa pikapu, na pikapu hiyo hiyo ingeondoka na hizi kuukuu kwenda kwa wanunua vyuma chakavu. "Mama naye apumzike," alimalizia.

 Mke aliijua mashine yake kwa sauti. Sindano ikianza kuchoka alisikia akiwa jikoni. Lakini ahadi aliyowapa wauguzi aliijua pia.

"Mzee," alisema, "una mpaka Jumamosi saa nne. Nembo ya kwanza ikiwa haijatoka, mkwe wetu abebe."

"Abebe nini?"

"Vyote. Wewe utabaki, kwa kuwa hujafungwa kwa skrubu."

Jioni hiyo Subiri Kidogo aliacha nusu ya chakula chake, jambo lililomtia mkewe wasiwasi kuliko kompyuta yenyewe. Hakuogopa mashine mpya. Aliogopa kukaa kwenye benchi tupu akimsubiri mkwe aje kumwonyesha mahali pa kubonyeza.

Ijumaa asubuhi alifungua droo ya chini na kutoa kiboksi alichokuwa amekifunga kwa mpira. Alikipata kwa muuza mabaki ya mitambo siku alipomtengenezea redio, na alikuwa anakitunzia siku ya haja. Ndani mlikuwa na prosesa mbili ndogo, zenye kasi mara nyingi ya zile kuukuu, na adapta mbili.

"Adapta za nini tena?" aliuliza mkewe.

"Njoo uone." Alikuwa amefungua ubavu wa Vichwa Viwili. Alitoa prosesa za zamani, moja moja. Kila moja ilikuwa kubwa kama kaseti ya video, na mgongoni imebeba bati zito la alumini lenye mbavu za kupoza joto. "Hizi zinasimama kwenye mpasuo mrefu. Hii mpya ni ndogo kama biskuti, ina vijiti chini, haiwezi kusimama humo. Basi adapta ni kadi: mguu wake unaingia kwenye mpasuo, kifuani inambeba mdogo. Ni kama mtu mfupi kumpandisha kwenye kiti ili afikie meza."

Mkewe aliichukua prosesa moja kuukuu, akaipima uzito mkononi. "Hii ni nzito vizuri," alisema, na kuirudisha polepole, kama mtu anayerudisha kitu atakachokuja kukiomba.

Palikuwa na jambo moja la hatari. Kila adapta ilikuwa na safu ya vijiti jozi tano, na juu ya vijiti hivyo huvikwa vifuniko vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Vifuniko hivyo ndivyo vinavyoiambia bodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, iipe prosesa umeme kiasi gani. Kwa prosesa zile, vifuniko vilitakiwa jozi ya kwanza, ya pili na ya nne, kwenye adapta zote mbili. Prosesa pacha ni kama farasi wawili wa gari moja: wasipolishwa sawa, gari haliendi.

Subiri Kidogo alivaa lenzi yake jichoni, akashika kibano, akavisha adapta ya kwanza. Ilimchukua nusu saa na machozi ya jicho moja. Alipoishika ya pili, kifuniko cha kwanza kiliruka kutoka kwenye kibano mara mbili.

"Lete hapa," alisema mkewe. "Mtu anatunga uzi kwenye sindano miaka arobaini, atashindwa na punje ya mchele?"

"Vitatu tu. Ya kwanza pale iwe kielelezo chako."

"Nimeona. Toka kwenye mwanga wangu."

Akaziweka adapta mbili ubavu kwa ubavu mezani kwake. Wakati huo huo mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuwa anapita nje, na Subiri Kidogo alikuwa na habari ya farasi wawili ambayo bado hakuna mtu wa nje aliyeisikia. Akatoka. Alipomaliza kumweleza mwalimu, na mwalimu alipomaliza kumweleza kwamba hakuelewa, adapta ya pili ilikuwa tayari inamngoja benchini.

Hapa lazima isemwe kwamba katika miaka thelathini na moja ya mitambo ya simu, Subiri Kidogo hakufunga kifuniko chochote bila kukitazama mara ya mwisho. Wanafunzi wake waliliita jicho la kuagia, na walilichukia. Siku hiyo alipaka dawa ya kupitisha joto, akalaza bati jipya juu ya prosesa, akafunga feni, na feni ikaifunika safu ya vifuniko kabisa. Adapta ya kwanza aliiaga. Ya pili hakuiaga. Ilitoka mkononi mwa mkewe, na mkono huo haujawahi kurudishiwa nguo.

Akazisimamisha kadi zote mbili, akawasha. Feni zikavuma. Herufi zikapanda kwenye skrini, na mwisho ikaandikwa idadi ya prosesa: 1.

"Vichwa Viwili amekuwa Kichwa Kimoja," alisema mkewe.

"Subiri kidogo."

Alizima. Akabadilisha nafasi: kadi ya kwanza ikaenda mpasuo wa pili, ya pili ikaja mpasuo wa kwanza. Alipowasha tena, kompyuta haikuamka kabisa. Ililia tiii moja ndefu, ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. Akarudisha kama mwanzo. Idadi: 1. Basi kosa halikuwa kwenye bodi. Kosa lilitembea na ile kadi ya pili, popote ilipokwenda. Na programu ya mishono haikukubali kufanya kazi na kichwa kimoja.

"Prosesa imekufa," aliamua ilipofika jioni. "Yule muuza mabaki kaniuzia maiti."

"Hukununua. Ulipewa kwa redio."

"Basi kanipa maiti!"

 Mkewe alikuwa ameanza kuzungusha waya mnene wa mashine yake ya kutarizi, kuukunja polepole na kuufunga kwa kitambaa, kama mtu anayemfungia mgeni mizigo. Subiri Kidogo aliona, akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi aliamka mapema, akakaa benchini bila kugusa kitu. Upande wa dirisha mkewe alikuwa anakata blauzi ya mteja mwingine. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa na kukatwa mara mbili pamoja, kwa hiyo alikata mkono mmoja kwanza, akaugeuza juu chini, na kuuzungushia chaki ili kuchora wa pili. Saa tatu ilikuwa imeshapiga. Mzee alitazama chaki ikitembea, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama.

Mikono ilipokatwa yote na kulazwa ubavu kwa ubavu, alikunja uso.

"Mbona huu umekata kinyume na huu?"

"Kinyume vipi?"

"Alama yako ya begani. Hapa iko kushoto, hapa iko kulia."

Mkewe aliweka mkasi chini. "Mume wangu, miaka yote hii unavaa mashati. Nikikata sawasawa, mteja atavaa mikono miwili ya kushoto. Vitu viwili vya pamoja lazima vitazamane."

"Lazima vitazamane," alirudia Subiri Kidogo.

"Ndiyo. Mikono, kola, mifuko. Mkono wangu hauulizi tena, unageuza wenyewe."

Mzee alisimama. Alitazama mikono ya blauzi. Alitazama kompyuta. Kisha akaruka, kama mtu wa umri wake anavyoweza kuruka, akazima, akachomoa kadi ya pili, akafungua feni na kuvaa lenzi.

Jozi ya pili. Jozi ya nne. Jozi ya tano. Ilikuwa kazi safi kabisa, hakuna kifuniko kilichokaa upande. Ukiiweka karibu na ya kwanza, zilitazamana kama mikono miwili ya blauzi nzuri.

Alijua sasa mambo mawili. La kwanza, kwamba muuza mabaki hakuwa mwizi. La pili, kwamba angeweza kupiga kelele pale pale, na kelele hiyo ingekuwa ya haki, na ingempendeza kwa muda wa chai moja. Akaitazama kadi tena. Aliyeacha kuiaga alikuwa nani?

Akashika kibano. Alihamisha vifuniko, na safari hii hakuna kilichoruka. Dawa, bati, feni. Kabla ya kufunga, jicho la kuagia. Akawasha.

Idadi: 2.

"Mama!" aliita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Leta mchoro wako wa majani!"

Saa nne kasoro dakika ishirini Vichwa Viwili akaanza hesabu ya nembo. Taa ilikwisha kabla mke hajamaliza kuukunjua waya aliokuwa ameufunga. Mikono ikakwisha. Majani yalipoanza, honi ya pikapu ililia nje, na mkwe akaingia akiwa amekunja mikono ya shati tayari kubeba.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nianze na kompyuta?"

"Marahaba," alisema mzee bila kugeuka. "Subiri kidogo."

Mkwe akasubiri. Wote watatu wakasimama wakitazama majani yakihesabiwa, moja baada ya jingine, hakuna lililoganda. Saa nne na dakika moja, kwa saa ya mkwe, mashine ya kutarizi ilikohoa na sindano ikaanza kucheza. Mke aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu. Mkwe, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikunjua mikono ya shati yake kimyakimya.

"Baba, kumbe ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Fundi hakukagua kazi kabla ya kufunga."

"Fundi yupi?"

"Mwenye lenzi."

Mke alikuwa anakata nyuzi za nembo ya kwanza. Alikuwa ameona vifuniko vikihamishwa. Macho yake, baada ya miaka arobaini ya kutunga uzi, bado yalikuwa mazuri. "Na yule mwenye sindano," alisema bila kuinua uso, "alidhani anashona blauzi. Mkwe wangu, usisimame tu, shika hapo."

Pikapu ilirudi na mzigo wake ule ule. Jioni nembo sitini zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, na wauguzi walizichukua.

Siku iliyofuata Subiri Kidogo alizitafuta prosesa za zamani aziweke kwenye droo ya chini, akazikuta kwenye meza ya kukatia. Mkewe alikuwa amezilaza juu ya kitambaa kama vizito vya kukizuia kisisogee, kimoja kila upande, mbavu za alumini zikitazamana.  Mzee akakigeuza kimoja ili vyote vielekee upande mmoja, kama inavyopaswa, akarudi benchini kwake.

Mkewe, akiwa na pini mdomoni, alinyoosha mkono na kukigeuza tena.