Goti Lililogoma Kileleni

Kabla usingizi haujamchukua, Limbu analitukana goti lake kwa mara ya mwisho, kimoyomoyo, maana pazia la wodi ni jembamba na jirani yake wa kitanda cha pili ni mwinjilisti. Goti la kulia, lenye bamba moja la chuma na skrubu saba, lililovunjika kwenye kona ya mteremko wa mashindano ya baiskeli mbele ya umati mzima. Miezi minne sasa. Kila siku Dada Koku, mtaalamu wa viungo, anampandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, na kila siku pedali inapanda, inakaribia kileleni, inagoma. Kesho anakuja daktari. Pedali isipozunguka mzunguko mzima, Limbu atachomwa sindano ya usingizi, goti likunjwe kwa nguvu, aanze upya, na msimu wote wa mashindano uende na maji. Dada Koku amempa njia: zungusha kinyumenyume kwanza, goti hulegea upande huo. Limbu amecheka mpaka akakohoa. Dada, mimi nalipwa kwenda mbele. Kinyumenyume ni mchezo wa watoto. Haya, kaka, amejibu Koku, endelea kulipwa ukiwa umelala. Na kweli analala. Dawa ya maumivu inamkolea, kitanda kinainama upande wa miguu kama barabara inayoanza kushuka, na Limbu anashuka nayo.

Yuko juu ya baiskeli, na barabara ni ndefu mpaka inachosha kuitazama. Ni lami, halafu ni vumbi, halafu ni vigae vyeupe vinavyonuka dawa, halafu ni lami tena, na hakuna anayemwomba radhi kwa usumbufu. Mbele yake kuna mtu. Limbu hamwoni uso, wala hashangai: miaka tisa kazi yake imekuwa kukaa nyuma ya wenzake, anawajua kwa migongo na vigimbi, mkewe humtania kwamba akikutana nao sokoni lazima wampe mgongo ndipo awasalimie. Ila huyu anageuka kumtazama, na upande wa pili nao ni mgongo. Mgongo mbele, mgongo nyuma, jasho pande zote. Mtu mwenye akili angeshuka hapo hapo. Lakini Limbu amefundishwa kwamba gurudumu lililo mbele yako haliachwi, basi analifuata, hajui linakwenda wapi, anauliza akiwa tayari njiani. Bwana wewe, tunakwenda wapi? Unakotoka, unasema mgongo. Natoka hospitali. Basi umeshafika. Kama nimeshafika, mbona nakanyaga? Hukanyagi, unaning'inia. Limbu anatazama chini. Kweli, pedali ya kulia imesimama karibu na kilele, palepale pake, na baiskeli inakwenda kwa hisani ya mteremko tu. Wanaingia mji ambao kila nyumba ni kioo, na ndani ya kila kioo kuna Limbu mwingine, magoti mazima, anachapa pedali huku anapiga mluzi. Oya, mzee wa skrubu! anaita mmoja. Mwacheni, anasema mwingine, anaenda kurudishiwa chenji ya goti! Wanatoka mjini, wanaingia mjini, ni uleule, na safari ya nne kuna bango jipya: Karibu Tena. Jamani, anasema Limbu, hata njaa ina mwisho.

Ndipo barabara inapoinuka. Mteremko ukiisha, na hisani inaisha. Baiskeli inasita, mgongo unazidi kwenda. Nisubiri! Anayenisubiri ndiye anipitaye, unajibu mgongo. Ah, ongea Kiswahili, bwana, hata daktari anaeleweka kuliko wewe! Mbele ya barabara hii iko nyuma yake, unasema mgongo, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo. Limbu anaelewa, na kuelewa kunamuudhi zaidi. Umetumwa na Koku, sio? Nizungushe kinyumenyume mbele ya vioo vyote hivi? Anakanyaga kwa nguvu zake zote, goti linapiga kelele, pedali haisogei. Anakanyaga tena. Baiskeli inaanza kuteleza kuelekea chini, kitako mbele, na huko chini anaiona ile kona, kona yake, inamngoja kama mwenye nyumba mlangoni. Wale Limbu wote wa kwenye vioo wameacha pedali zao, wanamtazama. Haya! anafoka. Mnatazama nini? Na anazungusha kinyumenyume, bingwa mzima, kama mtoto aliyechomokewa na mnyororo. Maumivu ni ya mlango wenye kutu unaofunguliwa kwa bega. Pedali inapanda kwa upande isiouzoea, inafika kileleni, inafikiri, inapita. Kona nayo inafika, na ni kona tu, ina mchanga kidogo na kiatu kimoja cha Limbu kilichobaki siku ya ajali.

Ndugu, amka, anasema mwinjilisti, umelipiga mateke pazia langu, na umetamka neno ambalo sitalirudia. Dada Koku amesimama na saa yake, daktari bado hajaingia. Shuka la Limbu limelowa jasho. Anakwenda kwa magongo mpaka kwenye baiskeli isiyokwenda popote, anapanda, na kabla hajaambiwa anasukuma kinyumenyume. Makubwa, anasema Koku, nani amekubembeleza? Pedali inapanda. Dada, nifinye nijue niko macho. Nimfinye mgonjwa? Nataka kazi yangu mimi. Inafika kileleni, inakaa hapo muda mrefu mno, inapita. Moja, anahesabu Koku. Limbu hajui kama hiyo moja ni ya huku wodini au ya kule ndotoni, wala hana wa kumuuliza anayemwamini. Anauma meno, anaitafuta ya pili.