Oduor Hajatua

Jumanne moja ya mwaka wa 1971, Adero alikuwa anaparua samaki ufukweni karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, ndege ndogo ya tajiri mmoja ilipokata sauti juu ya ziwa. Rubani alikuwa mume wake, Oduor. Alikuwa amekwisha kuteremka kuelekea uwanjani, magurudumu karibu yaguse mafunjo, injini ikakohoa, ikanyamaza. Ndege haikuanguka. Ilisimama pale pale hewani. Watu wa uwanja wakaingoja kidogo, kisha wakaenda kunywa chai.

Mwenye ndege, tajiri huyo wa mtaa wa Milimani, Oduor alikuwa amemwambia habari za injini hiyo tangu mvua za masika. Tajiri alijibu kwamba itavumilia. Sasa akawa na haraka ya kuzika. Kwa kuwa mwili haukupatikana, na nani angeupata nao umekaa kwenye kiti chake, alitoa ng'ombe na jeneza zuri. Ndani likalazwa yago, lile tunda refu linalozikwa badala ya mtu aliyepotelea ziwani. Watu walilia vizuri, wakala, wakaondoka.

Jioni Adero alikaa kwenye kigoda pale ufukweni, akainua uso.

"Baba Seline, shuka basi."

"Injini imekataa. Na nasikia mmenizika."

"Ni yago tu walizika."

"Hata kama. Mtu amezikwa atatua wapi?"

Adero alikwenda Milimani kuomba kaburi lifukuliwe. Tajiri alimkaribisha chai.

"Mama, tukifukua, watu wataanza kuuliza mambo ya injini," alisema. "Wacha mzee apumzike."

Basi Adero akarudi kwenye kigoda chake. Oduor alikuwa karibu kiasi cha yeye kuona ukosi wa shati lake ulivyochafuka, asiweze kulifua. Hilo ndilo lililomliza kuliko mazishi yenyewe. Nyumbani Manyatta, binti yao Seline akiwa ameshaolewa, alipika ugali wa watu wawili, akala peke yake.

Tajiri alinunua ndege nyingine, kuukuu vilevile. Watu wa uwanja wakawa wanawaelekeza marubani wapite kushoto kwa Oduor. Siku moja rubani mpya, Wasike, alimwendea tajiri akamwambia injini inakohoa.

"Hata ya Oduor ilikohoa," tajiri alimjibu, "na mpaka leo haijaanguka."

Wasike alimsimulia Adero maneno hayo huku akicheka kidogo. Jioni iliyofuata Adero alikuja ufukweni na vigoda viwili. Cha pili alikipangusa vumbi, akakiweka kando yake, cha mke wa Wasike.